Fundi Aliyefia Chooni

Nianze na choo, maana aibu yangu iko humo, na nikianzia kwingine nitajipendelea.

Choo chenyewe kilikuwa ndani ya meli ya anga. Meli ilikuwa ndani ya boma la nyumba ya baba hapa Musoma, nyumba iliyofika kwenye lenta nikiwa darasa la tano na mpaka leo iko kwenye lenta. Haina paa. Ukikaa panapotarajiwa kuwa sebule unaona mawingu tu, na kunguru anayepita anakuangalia kama vile wewe ndiye uliyepotea.

Mchezo uliletwa na binamu yangu anayesoma chuo Mwanza. Alikuja likizo na makaratasi aliyoyachapisha, kama kurasa sitini zimebanwa na pini, yote Kiingereza. Nikamuuliza ubao wa kuchezea uko wapi, kete ziko wapi. Akasema hakuna. Mnakaa, mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi: rubani, daktari, askari, fundi. Mko kwenye meli mbali sana na dunia, kuna kitu kibaya kimeingia ndani, kazi yenu ni kubaki hai. Msimulizi anasema mnachokiona, nyie mnasema mnachokifanya. Pale ambapo haijulikani kama mtu atafaulu, dadu zinaamua. Dadu za pande kumi.

Musoma dadu ya pande kumi hakuna. Muuza duka mmoja alitutolea ya ludo, akatuuliza, "Hizo pande nyingine nne mnataka za nini?" Tukaokota vizibo kumi vya soda, tukaviandika sifuri mpaka tisa kwa makapeni, tukavitia kwenye kopo la siagi. Unachomoa kizibo cha kwanza, hicho ni makumi. Unakirudisha, unatikisa, unachomoa cha pili, hicho ni mamoja. Kila mtu ana namba zake kwenye karatasi, ya nguvu, ya wepesi, ya kuvumilia hofu. Ukipata chini ya namba yako umepita. Ukipata juu, pole.

Mimi nikawa msimulizi, kwa sababu makaratasi yalikuwa yangu na mdomo pia ulikuwa wangu. Wenzangu wakaniita Serikali. Walisema nina kila kitu, siulizwi kitu, na nikikosea nasema ni mpango. Nilikuwa na atlasi ya shule niliyoisimamisha mbele yangu kama ukuta, na vizibo vya mambo ya siri nilivichomoa nyuma yake. Mwenye kuviona ni mimi peke yangu. Makaratasi ya binamu yalisema hivyo hivyo: msimulizi anachomoa kwa siri, wachezaji wanamwamini. Hilo neno la kuamini nililisoma haraka haraka nikapita.

Tulikuwa tunachezaga Jumamosi mchana, watu wanne. Kulikuwa na dada mmoja wa darasani kwetu, kwao Bunda, baba yake fundi cherehani, huku anakaa kwa shangazi yake. Yeye alikuwa rubani na hakuna siku alikubali kitu bila kubishana. Kulikuwa na mwenzetu wa kwaya mwenye sauti nzito, huyo akawa askari, na kila hatari ikitokea alisema, "Nampiga," hata kama hatari yenyewe ni moshi. Na kulikuwa na rafiki yangu. Tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Kwao ni Butiama, hapa mjini amepanga chumba kimoja, anajipikia. Ni mtu wa maneno machache, na mimi maneno yangu yanatosha watu wawili, kwa hiyo tulielewana.

Meli yangu ilibeba marobota ya pamba.

"Yaani binadamu kafika huko kwenye nyota," dada wa Bunda akasema, "halafu bado anahangaika na pamba?"

"Huko bei nzuri."

"Na wakulima wanalipwa lini?"

"Rubani, endesha meli."

Ndani ya marobota kulikuwa na kitu. Sikuwaambia kikoje, nilisema tu kwamba robota moja linapumua. Dada wa Bunda alisogeza kiti. Ile furaha ya kumtisha mtu mbishi saa nane mchana jua likiwaka, siwezi kuielezea. Nilijiona mkubwa.

Siku ya kwanza, wakati kila mtu anaandika mtu wake, rafiki yangu alikuwa wa mwisho kumaliza. Akanipa karatasi. Kazi: fundi wa meli. Jina: na hapo aliandika jina la kaka yake.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu sehemu nyingine zote nilidanganya. Lile jina nililijua. Kaka yake alikuwa mchimbaji Buhemba, na mwaka juzi duara lilimwangukia, yaani lile shimo lenyewe wanaloingia kutafuta dhahabu. Darasa letu lilituma watu sita msibani Butiama na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisimama karibu na msalaba wa mbao kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Nilisoma jina lote, la kwanza na la ukoo, mara nyingi, maana mahubiri yalikuwa marefu. Kwa hiyo rafiki yangu aliponipa karatasi nilijua ni nani amepanda meli yangu. Nikasema, "Haya fundi, karibu ndani," nikaendelea.

Huyo fundi alikuwa tabu. Hakuwa na nguvu, hakuwa na silaha, lakini alikuwa anaulizaga maswali ambayo binamu yangu hakuniandaa nayo. Kabla ya kuingia chumba chochote: "Hewa ya humu inatokea wapi?" Kabla ya kushuka ghala la pamba: "Nafunga kamba kiunoni. Askari anabaki mdomoni mwa ghala, ashike kamba. Nikivuta mara mbili anitoe." Mara nyingine: "Nagonga ukuta kwanza nisikilize." Ilikuwa wazi anakotoa hayo. Alikuwa anaongea kama mtu aliyefundishwa na mwingine, pole pole, na sauti yake ilibadilika kidogo, ikawa ya mtu mzima. Jumamosi tano kitu changu cha kwenye marobota kilishinda njaa. Hakikula mtu hata mmoja. Kila nilipoweka mtego fundi aliuona, na wale wawili wakazoea. Nikisema mlango umefunguka wenyewe, hawaniulizi mimi, wanageukia kwake: "Fundi anasemaje?"

Nikawa natania na hakuna anayecheka, kwa sababu wote wanamsikiliza fundi.

Jumamosi ya sita tulikuwa katikati ya hatari. Taa za meli zimezimika, kitu kiko kwenye mabomba juu ya vichwa vyao. Rafiki yangu, ambaye huwa hatanii, akatania. Akasema, "Fundi anaomba ruhusa kwenda chooni. Siku ya sita hii, na yeye ni binadamu."

Tulicheka wote. Lakini kicheko kilikuwa chake. Nikakitaka.

Nikawaambia choo cha meli hakina maji, kinanyonya kwa upepo. Na kwenye giza lile, kifuniko cha nje kimelegea. Fundi lazima apite mtihani wa wepesi. Namba yake ilikuwa hamsini na tano. Nikasema hii nachomoa mimi, ni ya siri. Nikatikisa kopo nyuma ya atlasi. Kizibo cha kwanza, moja. Cha pili, nne.

Kumi na nne. Amepita, tena kwa raha.

Nilivitazama vile vizibo viwili labda sekunde mbili. Halafu nikafanya uso wa huzuni na kusema, "Tisini na moja."

Nikaanza kumuua. Nilimuua kwa dakika kumi hivi. Nilieleza alivyokaa, alivyosikia mluzi chini yake, alivyojaribu kusimama suruali ikiwa magotini. Nilitoa sauti ya kunyonywa. Nilimpitisha kwenye tundu kiungo kimoja kimoja, nikampeleka nje kwenye nyota makalio mbele, na nikasema hata kile kitu cha kwenye pamba kilipomwona dirishani kilisikitika. Mwenzetu wa kwaya alianguka kwenye mchanga kwa kucheka. Dada wa Bunda alijizuia kidogo, halafu naye akashindwa.

Rafiki yangu alitabasamu vile mtu anavyotabasamu kwa picha ya kitambulisho. Akaikunja karatasi yake. Akasema ana nguo za kufua.

Jumatatu, kwenye bomba la shule, akaniuliza, "Lile jina, ulilijua?"

"Jina gani?"

"La fundi."

"Ah, kaka, mimi majina ya kwenye makaratasi hata siyaangalii."

Akasema sawa. Hakuja tena kwenye boma. Bila yeye mchezo ulichezwa Jumamosi moja zaidi, askari akampiga moshi, rubani akasema ana mtihani, basi.

Nilidhani yameisha. Mwezi wa sita, shule zimefungwa, mama yake alikuja Musoma kununua mahitaji akapita nyumbani kwetu. Nilimpa kiti, nikamsalimia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, anapangusa jasho. Akasema, "Mwanangu, mwenzio kapatwa na nini?"

"Kivipi, mama?"

Akanieleza. Dada yake rafiki yangu amejifungua mtoto wa kiume, yuko pale nyumbani Butiama. Mtoto analia, hanyamazi. Hospitali wamempima, hana kitu. Huku kwetu mtoto akilia hivyo wazee wanasema kuna marehemu anadai jina lake lirudi, na kila mtu pale nyumbani anajua ni marehemu gani. Ila kwao jina la marehemu analitaja kwanza ndugu aliyemfuata kuzaliwa. Huyo ndiye rafiki yangu. Na amekataa.

"Anasema hilo jina lina mkosi. Anasema limekufa mara mbili." Alinitazama sasa. "Mara mbili wapi? Mimi nimemzaa mara moja, nimemzika mara moja. Nikimuuliza ananyamaza. Wewe ndiye rafiki yake. Njoo useme naye."

Nilisema nitakuja. Alipoondoka, bibi yangu mzaa mama, ambaye huwa namwita mke wangu na yeye ananiita bwana asiye na mahari, alinitupia utani wake wa kila siku nikaitikia tu, "Ndiyo, bibi." Akaniuliza kama nina homa.

Jumamosi nikaenda Butiama. Njia nzima nilitunga njia za kulimaliza jambo hili bila kusema kumi na nne. Ningesema mchezo ni mchezo tu. Ningesema kwenye mchezo ule watu wote hufa, ni kawaida, hata mimi nimeshakufa mara tatu. Nilikuwa na hotuba nzuri sana.

Walikuwa ndani: mama, bibi yao, dada mwenye mtoto, na rafiki yangu kwenye kigoda karibu na mlango. Mtoto alikuwa analia kweli kweli, si kile kilio cha njaa. Nilisalimia wote. Nikaanza na utani, ndiyo mazoea: "Huyu akikua atakuwa kwaya." Dada yake alinitazama na macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Nikakaa.

Mama akasema, "Haya. Ongeeni."

Rafiki yangu akasema, "Hakuna cha kuongea. Jina lilipanda kwenye meli, likafa. Nilimpandisha mimi mwenyewe. Nilitaka awepo mahali. Akafa tena."

Bibi akauliza, "Meli ya ziwani, ya Mugango?"

"Hapana, bibi," nikasema. "Meli ya anga."

"Ndege."

"Inapita juu zaidi ya ndege. Ni ya kuwaza tu. Mchezo. Tunakaa tunawaza."

"Na huko kuwaza kwenu mkamuua mjukuu wangu."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa nini?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye kiatu. Akaendelea, hana hasira, anataka tu kujua, kama mtu anayeuliza ng'ombe alipita wapi. "Alikufia wapi humo?"

Nilimwangalia rafiki yangu anisaidie. Hakunisaidia.

"Chooni, bibi."

Bibi akageuka kwa mama, akamuuliza kitu kwa Kizanaki, nadhani alikuwa anahakikisha kama amesikia vizuri. Mama akamwambia. Bibi akanirudia. "Meli nzima hiyo, yenye kupita juu ya ndege, haina mahali pengine?"

Watu wananijua kwa kujibu. Mwalimu wa hesabu aliwahi kunitoa darasani kwa kujibu. Pale nilianza kuvuta uzi kwenye mkono wa shati. Nilihisi masikio yanawaka mpaka shingoni, na lile neno suruali, na lile neno makalio, na ile sauti ya kunyonya niliyoitoa kwa mdomo wangu huu, vyote vilikuwa vinasubiri nyuma ya meno, na mama yake alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu mikono imelala mapajani.

Hotuba yangu ilikwisha kabla haijaanza. Nikamwambia rafiki yangu, "Hakufa."

"Nini?"

"Fundi. Hakufa. Vizibo vilitoka kumi na nne."

Alichelewa kuelewa. Nilimwona anahesabu. "Ulisema tisini na moja."

"Nilisema."

"Namba yangu ilikuwa hamsini na tano."

"Najua."

"Kwa hiyo alipita."

"Alipita. Alitoka chooni salama. Ningesema kweli angerudi kwa wenzake. Nilidanganya mimi ili watu wacheke."

Mama hakujua vizibo wala hamsini na tano, lakini alielewa neno nilidanganya. Akafunga macho kidogo.

Rafiki yangu akauliza tena lile swali, taratibu, mbele ya wote. "Jina ulilijua?"

Ningeweza kusema hapana. Mtu angehakikisha vipi? Tayari nilishatoa kubwa, hili lingebaki la kwangu.

"Nililijua. Nililisoma msalabani siku ya mazishi. Pale bomba la shule nilikudanganya."

Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata nilikuwa nimevua saa. Akasema, "Ulijua ni kaka, ukamvua suruali."

"Ndiyo."

"Sawa."

Lile sawa lake. Bora angenipiga.

Bibi akasema maneno marefu kwa Kizanaki. Nilisikia wanavyonizungumzia bila kuelewa hata moja, na nikawa mpole kama mzigo. Mwisho mama akanigeukia. "Mwanangu, ahsante kwa kuja. Sasa toka nje kidogo."

Nikatoka. Nilisimama karibu na uzio, kulikuwa na mbuzi wawili wamefungwa na mahindi yameanikwa kwenye turubai. Mlango ukarudishwa. Ndani mtoto akaendelea kulia, halafu nikasikia sauti ya rafiki yangu, ya chini, inasema kitu kimoja kifupi. Halafu sauti ya mama. Halafu ya bibi. Sikusikia maneno. Mtoto akalia, akakatisha, akalia tena, kisha akanyamaza. Kama ni jina au ni ziwa la mama yake sijui. Nilitaka sana kujua. Nilipiga hatua moja kuelekea mlangoni, nikaona navyotembea kwa kunyata, nikarudi kwa mbuzi.

Hawakuniita kula. Rafiki yangu ndiye aliyetoka, akanisindikiza mpaka barabarani, tena kwa adabu, amenibebea mfuko wa karanga kutoka kwa mama yake.

"Amepewa?" nikauliza.

"Amepewa."

"Lile?"

"Amepewa jina."

Tukatembea. Akasema, "Wewe hutaambiwa. Bibi ndiye amesema. Hakukomoi. Anasema jina likae kwanza mbali na mdomo wako."

Nikasema sawa. Ilikuwa zamu yangu kusema sawa.

Shule zimefunguliwa. Tumekaa dawati lile lile, kwa sababu mwalimu hapangi watu upya katikati ya mwaka. Ananiazima rula, namuazima kalamu. Nikimuuliza habari za kwao ananiambia mvua, mihogo, mama hajambo, mtoto mzima, ana meno mawili. Anamwita mtoto tu, au yule wa dada. Dada wa Bunda ameambiwa jina, nilijua siku aliponiona akakata sentensi katikati. Mwenzetu wa kwaya naye ameambiwa. Darasani kwetu asiyejua ni mimi.

Jioni tukitoka shule huwa anapiga simu nyumbani kwao, tukiwa njiani. Anaongea na mama yake, anacheka kidogo, anauliza bei ya kitu. Halafu inafika pale anapotaka kumuulizia mtoto. Anasogea hatua kadhaa mbele na kunipa mgongo. Mimi nainamaga kufunga kamba za viatu, polepole, mpaka amalize.